Tamasha la Vyakula: Zunguka Kwanza, Onja Baadaye

Kila mwaka tamasha la vyakula likikaribia, wifi yangu hunipigia simu na swali lilelile: twende muda gani? Nami humjibu vilevile. Tusiwe wa kwanza, maana majiko yatakuwa hayajashika moto. Tusichelewe pia, kwa sababu kufikia jioni sehemu ya chakula itakuwa imekaa kwenye trei tangu mchana. Mimi napenda kuingia wakati moshi umeanza kupanda na foleni bado ni fupi, mpishi ana nafasi ya kuinua uso ukimsalimu.

Usiende na njaa kali. Mwaka wangu wa kwanza nilishinda bila kula ili "niache nafasi", nikasimama kwenye kibanda cha mlangoni, nikajaza sahani nzima, na safari yangu ikaishia hapo. Vibanda vingine vyote niliviona kwa macho tu, na hilo bado linaniuma. Siku hizi nakula kitu chepesi asubuhi. Mkobani naweka kijiko changu, chombo kidogo chenye mfuniko, kitambaa, chupa ya maji, fedha zilizochenjiwa na daftari.

Mzunguko wa kwanza sili kitu, hata nikikaribishwa vipi. Natembea kutoka mwanzo hadi mwisho, na macho yangu hayako kwenye chakula, yako kwa mpishi. Je, mkono unaopokea fedha ndio huohuo unaogusa chakula? Kisu kilichokata nyama mbichi kimeoshwa kabla ya kukata iliyoiva? Maji ya kunawa yapo? Halafu naangalia mafuta ya kukaangia. Yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi unaochoma macho, yametumika kupita kiasi, na chochote kitakachotoka humo kitakuwa na ladha ya uchungu. Hapo naaga kwa heshima na kusonga mbele.

Kitu ninachokitilia mkazo kuliko vyote ni joto. Chakula cha moto kiwe cha moto kweli, kinatoa mvuke, na cha baridi kiwe juu ya barafu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kinachosubiri kuliwa kidumishwe juu ya nyuzi 60 za Selisiasi, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu huzaliana kwa kasi. Kipimajoto sina, lakini mvuke nauona. Mwaka wa tatu niliona nyama imepangwa vizuri kwenye sinia, nikaigusa, ikawa vuguvugu. Nikajiambia haidhuru, itapashwa. Ilipashwa kweli, nikala, na usiku ule sikulala kwa kutapika. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kuna vijidudu vinavyoacha sumu ndani ya chakula, na sumu ile haiondoki kwa kupasha moto. Kwa hiyo "nitakupashia" si jibu. Uliza kilipikwa lini.

Ndiyo maana siiogopi foleni inayosogea. Penye watu wengi chakula hakipati muda wa kupoa, kinatoka jikoni kinaingia mkononi. Foleni ndefu isiyosogea ni jambo jingine, hiyo naiacha.

Sasa kuonja. Sisi huwa wanne: mimi, wifi, na wanangu wawili. Tunanunua sehemu moja tu, kila mtu anapata matonge mawili. Ukienda peke yako, mwombe mpishi kipimo kidogo. Wengi hukubali ukiwaambia wazi kwamba unataka kuonja na vibanda vingine. Tonge la kwanza nalila tupu, bila mchuzi wa juu wala pilipili, ili nijue chakula chenyewe kina ladha gani. La pili naliweka kila kitu alichokusudia mpishi. Tofauti ya matonge hayo mawili hunifundisha mengi kuhusu mkono wa aliyepika.

Mpangilio nao una maana. Anza na vya ladha ya upole, kama supu na vya kuchemsha, halafu vya kuchoma na kukaanga, kisha vyenye pilipili kali, vitamu viwe mwisho. Ukianza na pilipili, ulimi utakufa ganzi na supu ya watu utaiona haina kitu. Wifi yangu aliwahi kuwaka mdomo akakimbilia maji, na maji hayakumsaidia, kwa kuwa kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki katika maji. Maziwa au mtindi ndiyo hutuliza. Baada ya vibanda vitatu au vinne tunakaa chini dakika 20 hivi. Tumbo huchelewa kuupa ubongo habari kwamba limeshiba, na anayekula mfululizo hujikuta amevimbiwa kabla hajafika nusu ya uwanja.

Mwanangu mdogo ana mzio wa karanga, basi kwetu swali la "kuna karanga?" halitoshi. Nauliza pia: mafuta haya yamekaanga nini kabla? Kijiko hiki kimetoka kwenye chungu gani? Mpishi akisitasita, mtoto hali, hata akilia. Dawa yake ya dharura hukaa kwenye mfuko wangu mwenyewe, haibaki garini.

Kwenye daftari siandiki "kitamu". Naandika jambo moja nililolionja: tangawizi imekuja mwishoni, ngozi ya samaki imekauka bila kuungua, chumvi imezidi kwenye mchuzi lakini wali umeibeba. Maneno hayo yananisaidia mwaka unaofuata, maana mafundi walewale hurudi, na wengine hubadilisha mapishi.

Cha kubeba nyumbani nachukua vikavu: vya kuoka, mbegu zilizokaangwa, vitamu visivyo na maziwa. Wali sibebi. Mbegu za kijidudu kinachopenda wali hustahimili kuchemshwa, na zikikaa kwenye uvuguvugu wa chombo kilichofunikwa hadi nifike, huamka.

Kabla ya kutoka narudi kwenye kibanda kilichonigusa kuliko vyote, hata kama nimeshiba na sinunui tena. Namwambia mpishi nilichokiandika, neno kwa neno. Mwaka jana mama mmoja aliyekuwa anaosha masufuria alikausha mikono, akaniuliza: "Tangawizi uliisikia kweli? Wenzangu walisema niiondoe."