Hedhi imevurugika na mkononi una dawa ya Kichina: anzia hapa

Nimestaafu ukunga, lakini baraza langu hapa Ngamiani, Tanga, halijapata likizo. Siku hizi wanangu huja na kopo lenye ua jekundu na maandishi ya Kichina, na swali ni lile lile: "Bibi, hii inarekebisha hedhi?" Nami huuliza: yako imevurugika vipi? Maana waganga wa China, Japani na Korea hawana dawa moja ya "kuvurugika". Hedhi inayowahi ina dawa yake, inayochelewa ina yake, na ile ya leo kuwahi kesho kuchelewa ina yake. Anayeuza kopo moja kwa wanawake wote haifuati hata hiyo tiba anayoinadi.

Kwa hiyo anza na daftari. Andika siku ya kwanza ya damu, imetoka siku ngapi, pedi ngapi, rangi gani, mabonge yapo au hayapo, na kama chupa ya maji ya moto tumboni inakupa nafuu. Mzunguko unahesabiwa kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata, si kuanzia damu ilipokatika. Kwa mtu mzima, siku 24 hadi 38 ni kawaida. Binti aliyevunja ungo karibuni anaweza kufika hata 45; huyo msimnyweshe mizizi.

Daftari likiendelea kujaa, nenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kipimo cha mimba kwanza, hasa wewe unayeapa kwamba huna. Kisha wingi wa damu, tezi ya shingo, na ultrasaundi ya kizazi na ovari. Sema kama unatumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, kwa sababu hivyo vyenyewe huvuruga hedhi. Na kuna mambo ya kwenda leo leo: pedi inalowa kila saa, damu imerudi baada ya hedhi kukoma kwa sababu ya umri, damu inatoka baada ya tendo la ndoa, au hedhi imechelewa na tumbo linauma upande mmoja. Mama mkwe akisema ni chango, mwitikie kwa adabu, halafu panda bajaji.

Hospitali wakikuambia hakuna la hatari na bado unataka kujaribu, tafuta mganga aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Omba kuona cheti; asiyetaka kukionyesha amekwisha kujibu. Mganga anayeijua kazi atauliza mengi kabla ya kugusa mzani: usingizi, choo, kiu, baridi ya miguu, hasira. Atatazama ulimi na kushika mapigo ya mikono yote miwili. Hedhi inayowahi, damu nyingi nyekundu na kiu, ataiita joto. Inayowahi huku damu imepauka na mwili umechoka, atasema nguvu haitoshi kuishika damu. Inayochelewa, nyeusi, yenye mabonge, na moto unaituliza, ni baridi. Bibi zetu nao walisema kizazi kina baridi, kwa hiyo hapo hatuna ugeni. Inayochelewa, kidogo, na kizunguzungu juu, ataiita upungufu wa damu. Hapo rudi kwenye karatasi ya hospitali: kama wingi wa damu kweli uko chini, kunywa vidonge vya madini ya chuma.

Inayoyumba huku matiti yakiuma na kifua kimebana wanaielekeza kwenye ini, na mara nyingi hutoa mchanganyiko uitwao Xiaoyao san. Humo mna gancao, mzizi mtamu unaoweza kupandisha presha. Mwenye presha aseme mapema.

Mchanganyiko ninaoletewa zaidi ni Siwu tang, wa vitu vinne. Umo katika kitabu cha dawa cha serikali ya China tangu enzi za Song, karibu miaka 900 iliyopita. Vyote ni mizizi. Kwa siku moja hupimwa danggui gramu 6 hadi 12, shudihuang 9 hadi 15, baishao 6 hadi 15, na chuanxiong 3 hadi 10. Mganga ndiye anayepanga, si jirani. Shudihuang ni ile nyeusi inayonata. Hupikwa kwa mvuke, mara nyingi pamoja na pombe, kwa hiyo Muislamu aulize, kwani ipo pia ya mvuke mtupu. Na akikuandikia Wenjing tang ya "baridi", uliza kuhusu ejiao: ni gundi ya ngozi ya punda. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi.

Kupika: chungu cha udongo, au sufuria ya enameli. Chuma na aluminiamu hapana. Loweka kwa maji baridi nusu saa, maji yazidi dawa kwa vidole viwili. Moto mkali hadi ichemke, kisha punguza mkaa, funika, nusu saa. Chuja. Ongeza maji kidogo, chemsha tena dakika 20, changanya na yale ya kwanza, gawa asubuhi na jioni, unywe vuguvugu baada ya kula, maana shudihuang hulegeza tumbo.

Usinywe ukiwa mjamzito, ukitumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au damu ikiwa tayari inamwagika. Ukipangiwa upasuaji, mwambie daktari. Dawa zao nyingine mbili, honghua (ua jekundu) na taoren (kiini cha kokwa ya pichi), hufukuza damu. Anayetafuta mtoto asiziguse. Kopo lisiloandikwa kilichomo, achana nalo kabisa.

Chai ya tangawizi, sukari guru na kunazi nyekundu zilizokaushwa, wanayokunywa wanawake wa China, haina neno. Hupunguza maumivu, tarehe haisogezi. Msidhani mdalasini wetu wa Amani ndio ule wanaotia Wachina kwenye dawa zao; mti ni mwingine.

Tafiti za mizizi hii zipo, nyingi ndogo na dhaifu, kwa hiyo shahidi wako ni daftari. Ipe dawa mizunguko mitatu. Tarehe zisipobadilika, acha na urudi hospitali na daftari lako. Ngozi au macho yakiwa ya njano, au mkojo ukawa mweusi, acha siku hiyo hiyo na uende na pakiti yenyewe. Na chungu hicho usikipikie mchuzi tena; harufu ya danggui haitoki.