Kuandaa Gari na Kuliendesha Salama Kwenye Barabara za Milimani Zenye Theluji

Kazi kubwa ya safari ya aina hii hufanyika kabla ya injini kuwashwa, na mimi huianza kwenye tairi, kwa kuwa breki na usukani havina msaada wowote pale ambapo tairi haishiki barabara.

Hatua ya 1: Tairi. Mpira wa tairi za kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, ilhali ule wa tairi za majira ya baridi hubaki laini. Kagua ubavu wa tairi utafute alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake; herufi M+S (kifupi cha Kiingereza cha "matope na theluji") peke yake hazithibitishi kwamba tairi hiyo imefaulu majaribio ya theluji. Nchi nyingi huruhusu kashata, yaani mifereji ya uso wa tairi, zenye kina cha milimita 1.6, lakini kwenye theluji mimi siendeshi zikiwa chini ya milimita 4. Funga tairi za aina moja magurudumu yote manne, kwa sababu ukifunga za majira ya baridi mbele tu, sehemu ya nyuma itachomoka kwenye kona. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, maana hupungua takriban psi 1 (kipimo cha mgandamizo wa upepo) kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6.

Hatua ya 2: Chini ya boneti. Betri iliyochoka hufa kwenye baridi, kwa hiyo ipimwe mapema. Kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji haigandi hadi nyuzi 35 hivi chini ya sifuri. Maji ya kuoshea kioo nayo yawe ya aina isiyoganda, na gari la dizeli lijazwe dizeli ya majira ya baridi.

Hatua ya 3: Minyororo ya tairi, inayosaidia tairi kushika theluji. Jifunze kuifunga mahali pakavu mchana, kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi havijifunzi kitu. Ifunge kwenye magurudumu yanayosukumwa na injini, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vinginevyo. Itandaze hadi isiwe na fundo hata moja, geuza ncha za kulabu zielekee nje zisije zikachana tairi, funga kulabu ya ndani kwanza kisha ya nje, sogeza gari mita chache, halafu ushuke ukaze tena. Usizidishe kilomita 50 kwa saa, na uivue mara tu lami inapoonekana.

Hatua ya 4: Kabla ya kuondoka. Ondoa theluji kwenye vioo, taa na paa. Ile ya paani huporomokea kioo cha mbele pale pale unapokanyaga breki. Beba koleo, tochi, mablanketi, maji, chakula na kamba ya kuvutia gari.

Hatua ya 5: Mwendo. Unapopanda, chukua kasi ya wastani kabla ya mlima kuanza na uitunze, kwani gari likisimama katikati huenda lisiondoke tena. Hata hivyo, mteremko ndio unaoniogopesha zaidi. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, acha injini ilizuie gari, na upunguze kasi kabla ya kona, wala si ndani yake. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne huondoka kwa urahisi, lakini halisimami haraka kuliko mengine, na hapo ndipo madereva wengi hudanganyika. Jihadhari na madaraja na kona zenye kivuli, ambako barafu nyembamba hufanana na lami iliyolowa. Nyuma ikianza kuserereka, achia mafuta, tazama unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko taratibu. Kama gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) na ni lazima usimame ghafla, kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia, hata kanyagio likitetemeka.

Hatua ya 6: Ukikwama. Baki ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini upate joto, fukua theluji iliyoziba ekzosi, kwa maana gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Washa injini kwa dakika 10 hivi kila saa, huku dirisha la upande usiopigwa na upepo likiwa wazi kidogo, na urudie kuikagua ekzosi kila theluji inapoendelea kuanguka.