Injini ya CG125 iliyoingia maji: kuifungua, kuipima na kuifunga upya nyumbani

Maji yenyewe hayaui injini haraka. Kinachoiua ni kiki ya kwanza inayopigwa maji yakiwa bado juu ya pistoni, na baada ya hapo ni siku ambazo pikipiki inakaa bila kuguswa. Hewa hushindilika, maji hayashindiliki. Pistoni ikipanda na kukuta silinda imejaa maji, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) ndiyo inayopinda. Ukishawishika kujaribu kuwasha "kidogo tu", usijaribu.

Somo hili ni la injini za pushirodi (fimbo zinazosukuma roka zifungue valvu) za aina ya CG125, iliyotoka Honda katikati ya miaka ya 1970 na kunakiliwa na viwanda vingi vya China. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni 49.5. Injini yenye cheni ya taimingi (inayoendesha valvu), kama Boxer, hutofautiana hasa kwenye hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda, na vipimo vyake utavifuata kwenye kitabu chake.

Jiulize mambo matatu kwanza

Injini ilikuwa inawaka maji yalipoingia, au ilikuwa imezimwa? Maji yalikuwa ya mvua, ya mto wenye tope, au ya bahari? Yamekaa humo muda gani? Iliyozimwa, ikazama kwenye maji ya mvua na kutolewa siku hiyo hiyo, mara nyingi huhitaji kusafishwa tu. Iliyozima yenyewe katikati ya dimbwi ni ya kufunguliwa hedi na bloku (kipande chenye silinda), hata kama inazunguka vizuri. Ya maji ya chumvi, au iliyokaa wiki na zaidi, ishushwe na kupasuliwa makasha (nusu mbili za mwili wa injini zinazobeba kranki), kwa sababu kutu ya beringi haionekani kwa nje.

Kama huna nafasi ya kuifungua leo, mwaga oili yote, jaza dizeli au oili ya bei nafuu mpaka kwenye mdomo wa kujazia, weka nyingine kwenye tundu la plagi, iache hivyo. Ya maji ya bahari isuuze kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, ndani na nje, kisha fanya hivyo hivyo.

Kutoa maji

1. Toa waya hasi wa betri. Funga koki ya petroli.

2. Toa plagi. Weka gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono. Maji yataruka kwenye tundu la plagi, kwa hiyo uso wako usiwe mbele yake. Ikigoma, acha kulazimisha. Nenda kwenye maswali hapo chini.

3. Fungua skrubu ya kumwagia oili bila kuwasha injini. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini na kutoka kwanza, kisha hufuata oili ya rangi ya chai ya maziwa.

4. Mwaga petroli yote ya tanki. Fungua bakuli la kabureta, toa jeti, zipulize. Chujio la hewa la sponji lioshwe na kukaushwa. La karatasi litupwe.

Hedi na bloku

Toa kifuniko cha roka, roka, halafu pushirodi mbili. Zitie alama, kila moja irudi ilipotoka na upande ule ule juu. Nati za hedi zilegeze kwa msalaba, robo mzunguko kwa zamu.

Usinyanyue bloku kwanza. Hapa ndipo wengi hupita haraka, kisha wanafunga injini yenye konrodi iliyopinda. Konrodi iliyobanwa na maji kwa kawaida hupinda kuelekea mbele au nyuma, si kando, kwa hiyo ukiitazama utaiona imenyooka. Kinachobadilika ni urefu wake. Teremsha pistoni chini, angalia sehemu ya juu ya ukuta wa silinda. Utaona mkanda mweusi wa masizi, na ukingo wake wa chini umekatika sawasawa kama mstari. Hapo ndipo ringi ya kwanza ilipokuwa ikigeukia. Pima kutoka uso wa bloku hadi mstari huo. Sasa pandisha pistoni juu kabisa huku bloku imekandamizwa isiinuke, pima kichwa chake kiko chini kiasi gani ya uso huo, kisha jumlisha umbali wa kutoka kichwa cha pistoni hadi ukingo wa juu wa ringi ya kwanza (huo utaupima pistoni ikishatoka). Vipimo viwili vilingane. Cha pili kikizidi kwa karibu nusu milimita, konrodi imefupika.

Ndipo unyanyue bloku. Ziba mdomo wa kasha kwa kitambaa safi kabla ya kugusa klipu za pini, maana klipu ikidumbukia ndani utapasua makasha kwa ajili yake. Shika konrodi uivute juu na chini: isicheze hata kidogo. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida.

Kwenye bloku, tafuta pete ya kutu mahali pistoni ilipokuwa imesimama. Futa kwa oili na kitambaa, kisha pitisha kucha. Ikikwama, bloku ichongwe kwenda pistoni ya ova saizi (kubwa kuliko ya kwanza): milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mchongaji aipime yenyewe. Usimpe namba tu. Ringi mpya iingize peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima pengo lake kwa fila geji (bapa nyembamba za kupimia mwanya): milimita 0.15 hadi 0.35. Ikifika 0.5 haifai.

Valvu zikiwa na kutu kwenye kiti, saga kwa unga wa kusagia. Jaribu kwa kumimina petroli kwenye tundu la kuingizia na la kutolea. Isipovuja kwa dakika 5, iko sawa.

Upande wa kulia

Toa kifuniko cha klachi. Kwenye ncha ya kranki kuna chujio la oili linalozunguka, lenye kifuniko cha skrubu tatu. Maji ya mafuriko ya Jangwani au Tana yana tope, na tope lote hujikusanya humo kama ukoko wa sufuria. Ukwangue kwa mti, usiusukume kwenye tundu la katikati, kwa sababu ndiyo njia ya oili kwenda kwenye konrodi. Diski za klachi zilizovimba au kubanduka zibadilishwe, na mpya zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa.

Makasha

Sumaku hutolewa kwa puli yake (kifaa cha kuivuta), nyundo iwe mbali. Angalia kii ya nusu mwezi, kipande kidogo cha chuma kinachoifunga sumaku kwenye kranki. Injini iliyobanwa na maji huweza kuikata nusu, na taimingi ya moto inahama. Beringi zioshe kwa mafuta ya taa, zikauke, zungusha kwa kidole. Ukihisi mchanga hata mara moja, badilisha. Kuweka mpya: kausha kasha kabisa, liweke kwenye oveni nyuzi 100 hadi 120 huku beringi ikiwa kwenye friza. Itazama yenyewe. Moto wa jiko usipige sehemu moja, alumini hujipinda.

Kufunga

Gasketi na sili zote mpya. Pampu ya oili ijazwe oili kabla ya kufungwa. Nukta ya gia ya kemu ikutane na nukta ya gia ya kranki. Alama ya IN kwenye pistoni itazame upande wa kabureta, maandishi ya ringi yatazame juu, mapengo yatawanywe nyuzi 120. Bolti za M6 (unene wa milimita 6) zikazwe Nm 10 hivi kwa spana ya kupima nguvu, nati za hedi kwa msalaba, hatua tatu, hadi kiwango cha kitabu.

Valvu zote mbili: milimita 0.08, injini ikiwa baridi, mstari wa T kwenye sumaku ukilingana na alama na roka zote zikiwa zimelegea. Pengo la plagi: milimita 0.6 hadi 0.7. Oili karibu lita 1, ukaguzi kwa kijiti.

Piga kiki 20 bila plagi, swichi ikiwa imezimwa, mpaka uone oili kwenye roka. Washa dakika 10 bila kuvuta moto, mwaga oili hiyo. Badilisha tena kwenye kilomita 50, kisha 500.

Maswali ya wanachama

*Fundi, kiki haishuki kabisa. Nigonge pistoni?*
Usigonge. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia kwenye tundu la plagi, iache usiku mzima, kesho weka gia ya juu na tikisa gurudumu mbele na nyuma. Rudia siku mbili tatu. Ikikataa, toa hedi, weka kipande cha mti juu ya pistoni, kandamiza taratibu.

*Konrodi ikipinda hainyoosheki kwa presi?*
Hapana. Ikinyooshwa inabaki na udhaifu palepale na inaweza kukatika ikiwa kwenye mwendo, ikatoboa kasha. Badilisha konrodi na pini na beringi yake kwenye karakana yenye presi na uwezo wa kulinganisha kranki, au nunua kranki nzima.

*Ndugu, naweza kutumia silikoni badala ya gasketi ya chini ya bloku?*
Usitumie. Unene wa gasketi hiyo ndio unaopanga pistoni ifike juu kiasi gani kwenye silinda, na silikoni ya ziada hudondoka ndani ikaziba chujio la pampu. Kwenye kifuniko cha klachi, gasketi kavu inatosha kama nyuso ni safi.

*Nimefunga, inawaka, lakini moshi mweupe hauishi.*
Ukiisha ndani ya dakika 15 ni maji yaliyobaki kwenye ekzosi. Ukiwa wa bluu na unanuka oili, kagua kama ringi zimegeuzwa au sili za valvu zimechoka.

*Inakata moto ikipata joto, ikipoa inawaka.*
Koili ya chini ya sumaku imeingia unyevu. Pima ohamu (ukinzani wake wa umeme) ikiwa baridi, kisha mara tu inapozima. Ikibadilika sana au ikakata kabisa, badilisha. Safisha pia soketi za CDI (kisanduku kinachopanga moto wa plagi), zina kutu ya kijani ambayo hutaiona mpaka uzichomoe.