Bustani ya umma ya watu wote: pima mteremko kabla ya kuchora

Miji mingi ya Uganda imekaa juu ya vilima, na Kampala mvua hunyesha kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Bustani inayosahau hayo mawili itamwacha nje mtu wa kiti cha magurudumu hata ikiwa na lango pana kama la kiwanda. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye njia.

Hatua ya 1: Kagueni kiwanja pamoja. Mwiteni anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona, kiziwi na mkalimani wake, na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili. NUDIPU, muungano wa kitaifa wa watu wenye ulemavu ulioanzishwa mwaka 1987, ni mahali pazuri pa kuanzia kuwatafuta. Walipeni nauli na posho, wamekuja kazini. Ukaguzi uanzie kwenye steji ya taksi na bodaboda, maana mgeni huanza kukwama hukohuko.

Hatua ya 2: Chora njia moja isiyokatika. Itoke barabarani, ipite langoni, ifike chooni, bombani, kivulini na kwenye michezo ya watoto. Upana wa mita 1.8 unatosha viti viwili vya magurudumu kupishana. Langoni acha nafasi wazi ya sentimita 90 au zaidi. Angalia pia mazoea ya walinzi: wengi hufunga lango kubwa kwa mnyororo na kubakiza kile kimlango chenye kizingiti cha chuma. Kizingiti hicho kikate.

Hatua ya 3: Pima mteremko. Huhitaji mashine ya bei. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, toa mapovu yote, kisha simamisha ncha mbili kwenye vigingi viwili. Maji yatalingana pande zote. Pima kutoka ardhini hadi usawa wa maji kwenye kila kigingi. Tofauti ndiyo mwinuko wako.

Sasa piga hesabu. Kwa njia ya kawaida ninatumia 1 kwa 20: mwinuko wa sentimita 60 unataka urefu wa mita 12. Ukibanwa na nafasi, 1 kwa 12 ndiyo mwisho, yaani mita 7.2, na hapo weka vyuma vya kushikilia pande zote mbili na kingo za chini ili gurudumu lisichomoke. Mteremko ukiwa mrefu zaidi, weka sehemu tambarare ya mita 1.5 ya kupumzikia kila baada ya mita 9. Kilima kikikataa, zungusha njia. Ngazi iwepo pembeni kwa wanaoipenda.

Hatua ya 4: Yape maji pa kwenda. Murram, yaani udongo mwekundu wa changarawe, ni nzuri Januari. Aprili ni tope. Tumia zege lililopigwa ufagio au pevingi (matofali ya kutandika njia) zilizoshindiliwa vizuri, na ulaze njia kidogo upande mmoja, 1 kwa 50, isizidi. Mfuniko wa mtaro uwe na matundu yasiyozidi milimita 13, la sivyo fimbo nyeupe itazama humo.

Miti nayo ina tabia zake. Mutuba, mti wa nguo za magome, huinua pevingi kwa mizizi, na fenesi likidondoka njiani ni hatari kwa kila mtu. Ipande mbali na njia, na matawi yaanzie juu ya mita 2.1.

Hatua ya 5: Viti na choo. Benchi liwe na kimo cha sentimita 45, egemeo na mikono, na kando yake pabaki nafasi ya kiti cha magurudumu ili marafiki wakae sambamba. Chooni kiti cha magurudumu kiweze kugeuka ndani ya mita 1.5, na mlango ufunguke kwa nje. Kisha pawepo stoo nyingine ya mafagio, kwa sababu choo hicho ndicho hugeuzwa stoo.

Hatua ya 6: Mkataba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakupa nguvu ya kudai haya mezani. Andika kwamba sehemu ya malipo ya mkandarasi itabaki hadi msimu mmoja wa mvua upite, na watu wale wa hatua ya kwanza waipite njia yote tena ndipo cheti cha kumaliza kazi kitiwe sahihi.