Land Rover ya babu: anza na usukani

Land Rover 109 ya babu, Series III, imebeba mahindi ya ukoo wetu kule Mbulu tangu sijazaliwa. Rangi na viti vitasubiri. Usukani unaocheza hausubiri, maana kwenye mteremko wa kokoto ndio uhai wenu.

Mafundi wengi hukimbilia kukaza skrubu ya stelingi boksi, yaani sanduku la gia za usukani. Siafikiani nao. Acha magurudumu yakanyage chini, mtu azungushe usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, nawe lala uvunguni ushike kwa kiganja kila tairodi endi, yaani kiungo cha ncha ya rodi za usukani. Ziko sita. Iliyochoka utaisikia ikigonga mkononi kabla tairi halijageuka. Kabla ya kuifungua, hesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana ili mpya ikae palepale, na kumbuka ncha moja ya rodi hufunguka kinyume. Weka pini mpya za kufungia nati. Za zamani tupa.

Kisha piga jeki, egemeza ekseli kwenye stendi, tikisa gurudumu juu na chini. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, tatizo ni beringi. Ukibaki, kagua kingi pini, pini ambazo gurudumu hugeukia.

Rilei ya usukani, kiungo kinachopokeza mwendo kutoka rodi moja kwenda nyingine, kilichojificha ndani ya chesisi nyuma ya grili, iongeze oili ya gia ya EP90. Usiivunje nyumbani, tafadhali: springi yake ikifyatuka inaumiza vibaya.

Sasa ndipo uguse skrubu ya boksi, magurudumu yakitazama mbele. Kaza robo mzunguko, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote. Ukikwama popote, legeza.