SOMO: Utajuaje kama wasiwasi unakuachia

Assalamu alaikum. Kila wiki napigiwa simu kwa swali lile lile: "Miezi mitatu sasa napambana na wasiwasi, mbona sijapona?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Kapimwe kwanza. Tezi ya shingo na upungufu wa damu navyo huupeleka moyo mbio.

2. Nunua daftari la skuli. Simu hapana, utaishia WhatsApp.

3. Andika unayoyakimbia. Yangu yalikuwa gari ya Bububu saa ya jioni, foleni ya benki, harusi, na boti ya Pemba.

4. Andika ulivyokwenda. Hapa ndipo nilipoharibu mie. Nilikuwa nahesabu siku nilizokaa bila ya hofu. Nikafika kumi na moja, ya kumi na mbili nikashikwa na hofu sokoni Darajani mbele ya muuza ndizi. Nikaona nimerudi sifuri, nikalichana daftari na kujifungia ndani wiki mbili. Kumbe siku ile niliegemea meza yake, mikono inatetemeka, baada ya kama robo saa nikachagua chane yangu nikalipa. Mwaka wa nyuma ningelikimbia nikaacha na chenji. Nilichana ushahidi wangu mwenyewe!

Basi usihesabu siku. Andika matatu: ulikwenda au hukwenda, hofu ilipanda ngapi, 0 mpaka 10, ulikaa muda gani ndipo ukarudi kwenye shughuli yako. Aghlabu muda ndio unaoanza kufupika, namba inafuata nyuma.

Tahadhari: usijishike mshipa kila dakika, moyo ukichungwa hukimbia zaidi. Wala usilisome daftari kila usiku. Ngoja wiki nne.

5. Anza na jepesi. Boti nilianza kwa kukaa bandarini Malindi, hapa Unguja, nikitazama wenzangu wakipanda.

MASWALI

Kijana wa Amani: Nipe dawa ya haraka basi.
— Umesoma lakini? Rudi namba 1.

Mama Nasra: Naona nafuu, niache vidonge?
— Usiache peke yako. Vingine vikikatwa ghafla vinakurudisha pabaya. Muulize aliyekuandikia.

Mtu wa Kojani: Haya mashetani tu, daftari la nini?
— Kisomo sijakikataza, na mie nimesomewa. Soma, kisha andika.

Bibi wa Mkoani: Mwanangu, gari napanda sasa, lakini lazima nikae mlangoni na chupa ya maji mkononi. Nihesabu nimekwenda?
— Shikamoo bibi. Hesabu, tena uandike kwa wino mwekundu! Ila ongeza la nne: "nilibeba nini." Mlango na chupa ni mikongojo, na mkongojo hauachwi wote siku moja. Wiki hii chupa itie mkobani, mlango ubaki. Ukizoea, sogea kiti kimoja ndani. Mie mkongojo wangu ulikuwa ndugu yangu. Nilimburura benki miezi mitano, maskini.

Mnywa Kahawa: Mie nilikuwa napiga vikombe sita barazani, halafu nashangaa moyo unadunda.
— Kahawa hiyo. Nami nimebaki na kimoja, kashata mbili.

Bibi wa Mkoani: Na boti, ulipanda?
— Nilipanda. Mkondo wa Nungwi, pale bahari inapochafuka, hofu ilifika 8, na nikatapika. Lakini kutapika sikuandika, bibi, siku ile walitapika hata mabaharia. Botini kaa sehemu ya chini, nyuma, katikati.