Jinsi ya kuifundisha kompyuta isome maandishi ya mtandaoni ijue vitu yenyewe (mfano wa samaki na pamba)

Wakuu, hapa Mwanza naulizwa sana kompyuta inajuaje sato ni samaki wakati hakuna aliyeiandikia, basi nawaelekeza ninavyofanya, laptopu ya kawaida inatosha.

Kwanza maandishi. Usianze kuzunguka kila tovuti utamaliza bando bure, shusha faili zima la Wikipedia ya Kiswahili, halilipiwi. Ukitaka na habari za magazeti soma kwanza faili lao la robots.txt uone wanaruhusu nini.

Halafu chagua makundi machache, samaki, mazao, visiwa, timu za mpira, kila kundi lipe mbegu kama tano: sato, sangara, dagaa, furu, kambare. Programu itafute sentensi zenye hayo majina iangalie maneno ya jirani, itakuta "samaki kama vile fulani", "wavuvi wa fulani". Hizo ndo ndoano zako, zirushe tena kwenye maandishi zitarudi na ningu, gogogo, na hao wapya nao watakuletea ndoano nyingine, huo ndo mzunguko mmoja.

Sasa kazi yenyewe iko hapa. Mimi mzunguko wa pili nikakuta Ukerewe ni samaki! Kumbe imeona "wavuvi wa Ukerewe", na isingezuiwa ingebeba ndoano ya "kisiwa cha" na Ukara nayo ingekuwa samaki. Hata wakubwa yaliwapata: ule mradi wa NELL wa Tom Mitchell na wenzake, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon Marekani, ulianza kusoma wavuti Januari 2010 usiku na mchana, programu yao ikaona kuki za intaneti (vifaili vidogo ambavyo tovuti huacha kwenye kompyuta yako, kwa Kiingereza vina jina moja na biskuti) ikaziweka kwenye vitu vya kuoka, na kwa kuwa watu wanafuta kuki na wanafuta mafaili, mafaili nayo yakawa vya kuoka. Dawa yake ni hii, jina lisikubalike mpaka liletwe na ndoano tatu tofauti, na iambie wazi kwamba kisiwa hakiwezi kuwa samaki.

Ila pamba itakusumbua, maana ni zao kweli na ni timu yetu kweli, huwezi kukataza. Hapo usihifadhi neno peke yake, hifadhi neno na kundi lake, pamba zao na Pamba timu, kisha iamue kwa maneno ya jirani: marobota, kuvuna, kilo upande huu, kocha na mabao upande ule. Neno "msimu" liondoe kabisa, mkulima ana msimu na ligi ina msimu. "Pamba imefungwa" nayo iruke, inafungwa kwenye marobota na inafungwa uwanjani.

Kila mzunguko kagua majina mapya kama ishirini kwa macho yako, na samaki usiowajua ulizia Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, wale wanawajua kuliko maandishi yoyote. Mfano dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma ni samaki tofauti kabisa, ila programu itawafanya mmoja, kwa hiyo ongeza safu ya ziwa, dagaa Victoria, dagaa Tanganyika, ndo uwashe mzunguko unaofuata.